Gari Langu Halikuwa Linaumwa Uzee

Gari lilichemsha Soni, saa nane mchana, nikiwa nimepakia wifi zangu wawili na ndoo ya samaki tunayoipeleka harusini Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na karibu zote ni kupanda na kukata kona. Sindano ya joto ilianza kunyanyuka tulipoiacha Mombo nyuma. Nikazima feni ya ndani, kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa na kosa. Tulipofika Soni mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti kama sufuria ya makande.

Kijana wa bodaboda akaja mbio na kidumu cha maji. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitambaa, unaelekea mfuniko wa rejeta, nilipompigia kelele ambayo huwa naitumia maabara tu. Nafundisha fizikia sekondari, Tanga. Mfuniko ule ukiwa mzima hushikilia maji kwa mgandamizo wa karibu mara mbili ya ule wa hewa ya nje, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukiufungua injini ikiwa ya moto, mgandamizo unaondoka ghafla, maji yote yanachemka kwa mpigo mmoja, na yanayopanda juu yanaelekea usoni mwako. Wapo watu wenye makovu ya namna hiyo katika kila mji wenye gereji.

Hayo niliyajua. Gari langu lenyewe ndilo nilikuwa silijui.

Ni Corolla AE110 ya 1997, injini 5A ya sisi 1,500, rangi nyeupe iliyogeuka maziwa ya jana. Nililinunua mkononi mwa mtu, naye alilinunua mkononi mwa mtu. Miaka yote sindano ya joto ilikuwa inalala chini, haifiki hata katikati, nami nikijisifu kwa walimu wenzangu kwamba gari langu halijui kuchemsha. Kumbe ile ilikuwa dalili, na mimi nikaivaa kama nishani.

Tuliporudi Tanga, taratibu, fundi wa kwanza alilitazama dakika mbili akasema, "Madam, hili ni zee. Hedi gasketi imekwenda." Bei aliyoitaja ilinifanya nirudi nyumbani kwanza. Jumamosi iliyofuata nilienda kwa fundi mwingine, mzee mmoja ambaye siku hizi anafanya kazi chini ya mwembe wa kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza maswali mawili tu: "Maji yanapungua bila kuvuja? Oili imekuwa kama chai ya maziwa?" Hapana, na hapana. "Basi kafungue pale bomba la chini la rejeta linapoingia kwenye injini. Spana namba 10. Uone kama kuna kitu."

Nilifungua nyumbani, gari limepoa usiku kucha, beseni limekingwa chini. Hapakuwa na kitu. Nyumba ya themostati ilikuwa tupu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ugonjwa huu uko kwenye magari mengi yaliyoegeshwa mtaani kwetu. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa, maji yanazunguka humo humo ndani ili ipate moto upesi. Yakifika kiwango kilichochongwa juu yake, kwenye hii ni nyuzi 82, nta iliyomo ndani ya kikopo chake inayeyuka, inatanuka, inausukuma mlango wazi, na maji yanapita rejeta yakapoe. Mafundi wengi huitoa na kuitupa. Hoja yao ni kwamba nchi yetu ina joto, mlango wa nini? Yafunguliwe maji yatembee!

Hoja ina sura nzuri, lakini injini hii ina njia ya pili, ya mkato, inayoyarudisha maji ndani bila kuyapitisha kwenye rejeta. Nyuma ya themostati kuna kisahani kidogo ambacho huiziba njia hiyo pale mlango mkubwa unapofunguka. Ukiitoa themostati, umekitoa na kisahani. Njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji inarudi na moto wake ule ule. Mjini Tanga, barabara tambarare, hutagundua; zaidi utaona sindano imelala na mafuta yanaisha upesi, kwa sababu injini inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kujimwagia petroli nyingi. Mlimani, umepakia wifi zako, ndipo hesabu inapoletwa. Toyota wenyewe, kwenye vitabu vyao vya mafundi, wanaonya isitolewe hata kama gari linachemsha.

Nilinunua mpya. Kabla ya kuifunga niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse kitako, pamoja na kipimajoto cha maabara. Maji yalipofika 82 ilianza kupumua, kwenye 90 na kidogo ilikuwa wazi kabisa. Ile yenye mdomo mkaidi hairudishwi kwenye gari, inarudishwa dukani. Na themostati ina kitundu chenye kijipini kinachocheza, hicho hukaa juu ili hewa itoke. Nikiwa bado na maji ya kuchezea, nikautazama na mfuniko wa rejeta: mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Mfuniko wa namna ile haushiki mgandamizo wowote, na kwenye mwinuko wa Lushoto, mita 1,400 hivi, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95. Kwa hiyo nilikuwa napanda mlima na uhaba wa nyuzi zaidi ya 20.

Maji niliyoyamwaga yalikuwa na rangi ya ukwaju. Ya bomba, kwa miaka. Maji matupu yanatia chuma kutu na kuacha chokaa, na hivyo viwili vinakwenda kulala kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta. Nilisuuza mara nne, injini ikiunguruma na themostati ikiwa bado nje, mpaka yakatoka meupe. Nikajaza kulanti nusu kwa nusu na yale maji safi yanayouzwa kwa kuongezea betri (soma lebo, maana dukani asidi inakaa jirani yake).

Baada ya hapo nikapata kiburi, na kiburi cha fundi mwanafunzi kina bei. Nilibadilisha oili mwenyewe, lita tatu na kidogo, filta mpya. Niliwasha. Sekunde chache baadaye uani palikuwa na ziwa jeusi na kuku wa jirani wanakimbia. Nilizima haraka. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umegandia kwenye injini, nami nikafunga filta mpya juu yake. Fundi mzee alipofika alicheka mpaka akakaa kwenye jeki. "Madam, umevalisha soksi juu ya soksi." Sasa kila filta inayotoka naigeuza kwanza nione kama mpira wake umekuja nayo, na mpya naipaka oili kidogo kwenye mpira, naikaza kwa mkono tu. Oili chafu naiweka kwenye dumu. Seremala wa mtaa wa pili huja kuichukua, anapaka nguzo dhidi ya mchwa. Mtaroni haimwagwi, mtaro wetu unaishia baharini.

Kilichonisaidia kuliko spana zote ni kaunta buku. Naandika tarehe, kilomita, nilichofanya, na nani alifanya. Ukurasa wa kwanza niliupata kwenye gari lenyewe. Chini ya boneti kulikuwa na stika ya Kijapani iliyokolea vumbi, mwaka umeandikwa Heisei 19. Nilikwenda nayo darasani, wanafunzi wakatafuta: Heisei 1 ni 1989, basi 19 ni 2007. Stika ilikuwa ya taimingi belti, iliyobadilishwa kilomita 98,000. Dashibodi yangu inasoma 231,000, na mkanda huu wa mpira ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Hiyo sikuigusa. Nilimpa fundi mzee, nikasimama pembeni na daftari siku nzima, nikamwona anavyolinganisha alama za juu na za chini kabla ya kukaza chochote. Mkanda wa zamani ulikuwa na nyufa ningeweza kuingiza ukucha.

Naambiwa, kwa nini usiliuze tu, ununue jipya. Jipya lenyewe, kwa mshahara huu, ni lingine lililokwishatumika Japani, na huko nako litakuwa na watu waliolipitia. Angalau la kwangu nawajua maadui wake kwa majina ya kazi zao: aliyetoa themostati, aliyejaza maji ya bomba, aliyefunga plagi mbili za aina moja na mbili za aina nyingine. Uzee wenyewe mpaka sasa nimeukuta kwenye bushi za mbele, mipira ya madirisha, na kutu ya chumvi chini ya milango, ambayo Tanga haisamehi mtu. Kila mwisho wa wiki nauosha uvungu kwa maji baridi.

Uvunguni siingii gari likiwa limesimama juu ya jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Tofali nalo, hata la sementi, huvunjika bila kutoa taarifa. Nilichongesha stendi mbili za chuma kwa mchomeleaji, na hata kwa hizo nalitikisa gari kwa nguvu kabla sijalala chini. Mume wangu huleta kiti akakaa hapo hapo, anasoma gazeti, kazi yake ni kuitikia nikimwita.

Mwezi wa kumi na mbili tulipanda tena Lushoto. Sindano ilisimama chini kidogo ya katikati, ikakaa hapo tangu Mombo mpaka juu. Wifi mkubwa, aliyeshika ndoo, hakusema neno mpaka tulipoipita Soni.

Sufuria haikurudi jikoni. Iko stoo, na jirani mwenye Noah amekwisha kuiazima mara mbili.