Hauna Cheti? Figo Bado Inakungoja

Mimi niliacha chuo, na si cha udaktari. Kwa hivyo ukisikia naandika kuhusu figo na ini, cheka tu. Lakini hapa Marani, na simu na bando ya siku moja, ndiyo kazi nafanya jioni.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Tafuta viungo vya mwili: makala kadhaa ni mistari michache tu, chini imeandikwa ni "mbegu", yaani bado haijakomaa. Wenzetu wa Kiingereza walipata mtaji: makala zao nyingi zilichota maandishi kutoka Gray's Anatomy, toleo la 1918, ambalo hakimiliki yake imeisha. Sisi tunajiandikia.

Na si kutafsiri tu. Ukisema "mkono", unamaanisha kiganja ama kuanzia begani? Kwa daktari ni vitu viwili. Halafu kuna wengu na bandama: kiungo kimoja, majina mawili. Ukiandika makala mbili, msomaji atadhani ana viungo viwili. Hayo ndiyo ya kubishania kwenye ukurasa wa majadiliano.

Sasa wewe bonyeza "hariri". Hakuna atakayekuuliza cheti, ila utaulizwa chanzo: kitabu gani, ukurasa upi? Kama hauna, wacha. Dawa za kusikia kwa jirani usiweke. Kuna mtu ametoka kliniki leo, ameambiwa figo zina shida, na usiku huu anasoma ulichoandika. Yeye hajui uliacha chuo. Anakuamini.