Mwenye duka Msimbazi akiugua, nani analipa?

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi anaijua bei ya jora la kitenge asubuhi na jioni. Bei ya kulazwa hospitali siku tatu huijua akiwa tayari mapokezi, na hapo hulipa kwa fedha za kununulia mzigo. Mtaji uliochukua miaka kujengwa unaweza kukatika kwa operesheni moja.

Hali hii ina historia. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za umma na za mashirika ya dini. Mlango ulifunguliwa tena 1991, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kazi 2001 kwa watumishi wa Serikali: asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Mwenye meza ya mitumba hana mwajiri, hivyo nusu hiyo nayo ni yake.

Watu wa sekta isiyo rasmi hawakukaa kusubiri. Mwaka 1995 vikundi vya jijini viliunda UMASIDA, umoja wa matibabu uliokusanya michango ya wanachama na kuingia mikataba na zahanati binafsi. Kwa hiyo anayedai kwamba machinga hawezi kuchangia bima hajaangalia nyuma vizuri.

Swali linaloulizwa sana madukani ni kama bima inamfanya daktari amtibu mtu vizuri zaidi. Jibu linategemea daktari analipwaje. Akilipwa kwa kila huduma, kila kipimo ni mapato, na mgonjwa anaweza kutoka na karatasi nyingi kuliko ugonjwa wake. Kituo kikilipwa kiasi maalumu kwa kila mwanachama, faida iko katika kutoa huduma kidogo. Hakuna njia isiyo na kishawishi, na mnunuzi wa bima ana haki ya kuuliza ni ipi inatumika.

Aidha, si kila anayeitwa "dokta" ni daktari. Tabibu ana mafunzo yake na anatibu mengi, lakini daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuza duka la dawa ni mfanyabiashara mwenzako.

Kuhusu gharama, Novemba 2019 Mfuko ulitangaza vifurushi vya watu binafsi, cha chini kikianzia shilingi 192,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja wa miaka 18 hadi 35. Hiyo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwezi, kiasi ambacho wengi hutoa kwenye upatu bila kunung'unika. Tofauti ni kwamba upatu hurudi hata usipougua.

Kabla ya kulipa, soma mkataba kama unavyosoma hati ya mzigo. Tazama ukomo wa fedha kwa mwaka, muda wa kungoja kabla ya uzazi au upasuaji kulipiwa, na kama kisukari au presha uliyonayo tayari imo. Kampuni nyingi za biashara huweka masharti hapo, na ugomvi mwingi huzuka hapo.

Halafu uliza kadi inapokelewa wapi. Machi 1, 2024, Mfuko ulipoanza kutumia bei mpya za kuvilipa vituo, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilikataa kuwahudumia wanachama wake kwa kudai bei hizo haziwalipi. Waliokuwa wamelipa mchango wote walitakiwa kutoa fedha taslimu au kwenda kwingine.

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Kwa asiye na hati ya mshahara, kiwango cha kaya na orodha ya vituo ndivyo vya kuangaliwa kwanza.