Kiwewe cha Vizuizini Hakijastaafu

Mwaka 2006, Lukoye Atwoli na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 181 walionusurika kambi za vizuizini enzi za vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza nchini Kenya. Takriban wawili kati ya kila watatu walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, miaka zaidi ya 40 baada ya Hali ya Hatari ya kikoloni kumalizika. Akina cucu na guka (bibi na babu) wa Nyeri wanaoshtuka usiku hawazeeki vibaya. Wanaugua.

Hatari inapotokea, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini: moyo hupiga mbio, misuli hukaza. Kotisoli hufuata, na mojawapo ya kazi zake ni kuuzima mshtuko huo. Nchini Marekani, Rachel Yehuda aliwapima wanajeshi waliopigana Vietnam na Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Wengi wenye kiwewe walikuwa na kotisoli kidogo, si nyingi, ingawa tafiti nyingine zimepata majibu tofauti. Ni kama gari lenye mafuta tele na breki hafifu: sauti ya buti tu inatosha kulitimua.

Hapo ndipo homoni ya oksitosini inapoingia. Wakunga huitumia kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, lakini pia hufanya kazi ubongoni, kwenye sehemu zinazotambua hofu. Mwaka 2003, Markus Heinrichs na wenzake waliwapa wanaume 37 mtihani wa kuongea mbele ya watu. Waliokuwa watulivu zaidi ni wale waliopuliziwa oksitosini puani na kupewa moyo na rafiki wa karibu. Kwa wagonjwa wa kiwewe, dawa hiyo ya kupulizia bado haijatoa matokeo ya kuaminika. Rafiki, hata hivyo, hahitaji kusubiri maabara.

Tatizo ni kwamba wazee wetu walinyimwa hata nafasi ya kukutana waziwazi na wenzao wa Mau Mau. Sheria ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau iliondolewa Agosti 2003, karibu miaka 40 baada ya Uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Fidia ni haki yao, ila haileti usingizi.

Kwa hiyo, kliniki za Nyeri, Karatina na Othaya zinapowapima wazee presha, ziwaulize pia wanalalaje na wanaota nini. Ziwakutanishe waliopitia mambo yaleyale, wasimuliane kwa Kikuyu chao, akiwapo mhudumu aliyefunzwa. Wanaoweza kusimulia wanapungua kila mwaka.