Suruali ya Gredi ya Sita Ikimtosha wa Gredi ya Nane

Sare za shule hapa Nairobi hununuliwa kwa makadirio. Mzazi huchagua suruali ndefu kupita kiasi, fundi akakunja pindo inchi mbili, na kila mtu anajua kwamba kabla ya mwaka kuisha pindo hilo litafunguliwa. Mtoto akiivaa suruali hiyo hiyo tangu Gredi ya Sita hadi ya Nane bila pindo kuguswa, nyumba nyingi hufurahia pesa zilizookolewa. Akiuliza mtu, jibu liko tayari: amemfuata nyanya yake, naye hakuwa mrefu.

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini wapo watoto ambao kimo chao kimesimama kwa sababu ya ugonjwa ulio tumboni, na huweza kusimama miezi mingi, pengine miaka, kabla tumbo lenyewe halijaanza kulalamika. Ni uvimbe sugu wa utumbo, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo wake yenyewe bila kukoma. Si vidonda vya tumbo vile vya kawaida, wala hauambukizi. Una sura mbili kuu. Kolitisi ya vidonda hukaa katika utumbo mpana na huleta damu chooni, kwa hiyo haichelewi kumtia mzazi hofu. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, unaweza kukamata popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Huu wa pili ndio unaodumaza zaidi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa uvimbe huu huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 20.

Tunadhani mtoto hakui kwa sababu hali. Kuna ukweli hapo: tumbo linalosokota baada ya kila mlo humfundisha mtoto kusukuma sahani kando, na utumbo uliochubuka haufyonzi vizuri hata kile kidogo alichokula. Ila hesabu haiishii kwenye chakula. Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji, nalo ini huipokea na kutuma mjumbe wake, IGF-1, hadi kwenye mifupa. Kemikali zinazomwagwa na utumbo uliovimba hulifanya ini lisiitikie. Kemikali hizo hizo hufika kwenye gegedu karibu na ncha za mifupa mirefu, mahali urefu unapotengenezwa, na kupunguza kazi papo hapo. Balehe nayo huchelewa. Ndiyo maana sindano za homoni ya ukuaji, ambazo mzazi mwenye uwezo huziulizia mapema, si tiba ya kwanza. Homoni mtoto anayo, ila haisikilizwi.

Spring Valley ni mtaa wa kuta ndefu na miti mikubwa, na nyuma ya nyumba nyingi kuna SQ, makazi ya mfanyakazi. Wafanyakazi wengine hufika asubuhi kwa miguu kutoka Kangemi, mtaa ulio katika eneo bunge hilo hilo la Westlands. Mtoto mfupi wa nyumba kubwa hachunguzwi kwa kuwa friji imejaa: itakuwaje anayekula hivi adumae? Mtoto mfupi wa Kangemi naye hachunguzwi, kwa kuwa sababu inadhaniwa inajulikana, ni lishe. Anapewa dawa ya minyoo. Tumbo likiendelea kuuma anapimwa taifodi kwa kipimo cha Widal, ambacho kina sifa ya kupotosha, na antibiotiki zinafuata. Baadaye ni zamu ya amiba. Mmoja anakosewa kwa shibe, mwingine kwa njaa.

Na si kwamba Kenya haijui kupima watoto. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinajulikana na kila mama aliyewahi kwenda kliniki: mtoto ananing'inizwa kwenye mizani akilia, muuguzi anatia nukta, nukta zinaungana kuwa mstari. Dozi ya pili ya chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 18, na baada ya hapo wengi hawarudi. Wanaoendelea huufikia ukingo wa mchoro mtoto anapotimiza miaka mitano, na mstari unakatika hapo. Takwimu za taifa pia huishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS, wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014, ingawa Kilifi bado ilikuwa na 37. Ni maendeleo makubwa, ila mtoto wa miaka 12 hayumo katika hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa michoro ya umri wa miaka 5 hadi 19 mwaka 2007, nayo inapatikana bure. Kilichokosekana ni mtu wa kutia nukta. Na Crohn ya watoto hujitokeza zaidi kuanzia karibu miaka 10 kwenda juu, katikati kabisa ya pengo hilo.

Ipo fomu ya afya ya kujiunga na shule ya bweni. Daktari huandika uzito na kimo, hupiga muhuri, fomu ikaingia kwenye faili. Sijawahi kusikia shule iliyoitoa tena fomu hiyo mwaka uliofuata ili ilinganishwe. Kimo kimoja hakisemi mengi. Vinahitajika viwili vyenye tarehe.

Kuvipata si kazi ngumu. Mtoto avue viatu na soksi, asimame sakafuni pasipo zulia, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele. Jalada la kitabu kigumu likalie utosi huku likigusa ukuta wima, penseli ichore chini yake. Msichana mwenye nywele zilizosukwa juu ya utosi apimwe kabla ya kwenda saluni, la sivyo utapima msuko. Pima saa ile ile ya siku, kwa maana mtu hupungua karibu sentimita moja kufikia jioni, uti wa mgongo ukibanwa na uzito. Kati ya miaka mitano na balehe mtoto huongeza sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akiongeza chini ya 4, usingoje tumbo liume.

Madaktari wenyewe walifundishwa kwa muda mrefu wasiutarajie uvimbe huu wa utumbo kwa Mwafrika. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda, ni miongoni mwa walioifanya kwashiakoo ijulikane duniani. Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, walihariri kitabu kilichoeneza hoja kwamba maradhi kadhaa ya utumbo ni nadra katika Afrika ya mashambani kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi. Hoja ilikuwa na uzito. Shida ni kwamba neno nadra huteleza upesi likawa haupo, na usichokitarajia hukipimi. Wakati huo huo watu wa huku walikuwa wamehama na matumbo yao. Leicester, Uingereza, ilipokea maelfu ya Wahindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengine kutoka Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa huko waliandika kwamba kolitisi ya vidonda ilikuwa ikiwapata Wahindi hao zaidi kuliko Wazungu wenyeji. Wengi wana jamaa zao Parklands hadi leo, mwendo mfupi wa gari kutoka Spring Valley.

Tahadhari moja ni ya hapa kwetu hasa. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa pale pale Crohn inapokaa, huleta homa na kukonda kule kule, na dawa za kutuliza kinga, zinazotumika kwa Crohn, zikipewa mtoto mwenye kifua kikuu zinaweza kumuua. Kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini huonyesha kama utumbo umevimba, lakini hakisemi kwa nini. Lazima kamera iingie na vipande vya nyama vichunguzwe maabara. Wataalamu wa utumbo wa watoto nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi. Mkazi wa Spring Valley ana Aga Khan pale Parklands na Gertrude's pale Muthaiga. Wa Turkana ana safari.

Tiba ya kwanza ya Crohn kwa mtoto inashangaza: maziwa maalumu yenye lishe kamili kwa wiki 6 hadi 8, bila chakula kingine. Hakuna chapati, ugali wala chipsi za baada ya shule. Karibu watoto wanane kwa kumi hutulia. Ni adhabu kwa mtoto wa miaka 12 anayenusa pilau ya jikoni, ila steroidi, zinazotuliza haraka na kwa bei nafuu, nazo hudumaza zikitumika kwa muda mrefu. Wasiotulia hupewa dawa za kudhibiti kinga. Infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo, iliruhusiwa kwa watoto wenye Crohn nchini Marekani mwaka 2006, na bei yake bado inaumiza.

Kabla ya kuahidi kitu kuhusu kimo, daktari huomba eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, akaona mifupa ina umri gani. Mvulana wa miaka 14 mwenye mifupa ya miaka 11 huwapa wazazi mshtuko, kumbe hiyo ni habari njema: gegedu bado liko wazi, na uvimbe ukitulizwa sasa anaweza kuwafikia wenzake. Wa miaka 17 ambaye mifupa yake imeshafunga atapewa dawa zile zile, tumbo litatulia, ataongeza kilo, naye atabaki na kimo alicho nacho.