Nywele Fupi Nazo ni Nywele

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku hizi kwa mabinti wengi wa mjini nywele za kichwani si zao, ni za dukani. Leo sikusudii kuwasema. Nataka tuzungumzie njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni nywele fupi.

Shule zetu nyingi huwataka wasichana wanyoe. Kwa hiyo binti akimaliza kidato cha nne, jambo la kwanza ni saluni, utadhani nywele ndefu ndicho cheti chenyewe. Binti yangu alipita njia hiyo. Baada ya miaka mitatu ya dawa na rasta, panja zake zilibaki ngozi tupu.

Sababu yake inaeleweka. Nywele zikisukwa kwa kukazwa, mashina yake huvutwa mchana na usiku. Mvuto huo ukiendelea kwa miaka, shina hufanya kovu, na penye kovu nywele haioti tena. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, hiyo si dalili ya kazi nzuri. Ni onyo.

Dawa nayo ina mambo yake. Baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zina kostiki soda, ileile inayotengenezewa sabuni. Huvunja vifungo vinavyoupa unywele mkunjo wake, na ikikawia kichwani huunguza ngozi. Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa hizo, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, ulikuwa asilimia 4.05. Hii haina maana kwamba kila anayeweka dawa ataugua. Maana yake ni kwamba inafaa kufikiri kabla ya kuketi kitini.

Je, binti afanye nini? Anaweza kunyoa chini kwa mashine, akaoga na kuondoka bila chanuo. Anaweza kukata denge, pembeni chini na juu zikaachwa. Mtindo huu humfaa mwenye uso wa duara, kwa kuwa humrefusha uso. Anaweza kufuga afro ya inchi moja au mbili, ambayo huchanwa ikiwa na maji kwa chanuo lenye meno mapana, kisha ikapakwa mafuta kidogo. Au asokote nywele zake mwenyewe, misokoto midogo isiyokazwa. Asipopendezwa, asihuzunike: nywele hukua kama sentimita moja kila mwezi.

Tahadhari ni moja. Mashine ya kinyozi inaweza kuhamisha mapunye kutoka kichwa hadi kichwa. Mwambie aifute kwa spiriti mbele ya macho yako, na kama anatumia wembe, uwe mpya.

Wapo watakaomuuliza binti aliyenyoa kama amefiwa au anaumwa. Wengine watasema amejifanya mwanamume. Waambieni kwamba Miriam Makeba aliuimbia ulimwengu akiwa na nywele fupi za kipilipili, na kwamba Machi 2014 Lupita Nyong'o alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Oscar na nywele zake fupi. Hakuna aliyewauliza nani kafa.

Kina mama wenzangu, neno hili linatuhusu sisi kwanza. Mtoto hujifunza kuzionea haya nywele zake pale mama anapoziita mbaya, wakati anazichana. Tuchunge ndimi zetu, kisha tumwachie achague mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.