Kioo Kikivunjika Kitafanya Nini?

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, watu waliokuwa ofisini katikati ya Nairobi walisikia mlipuko mdogo upande wa Ubalozi wa Marekani. Wengi wakakimbilia madirishani kutazama. Muda mfupi baadaye bomu kubwa likalipuka, na vioo vya majengo ya jirani vikawarukia usoni. Watu 213 waliuawa Nairobi siku ile, na kati ya maelfu ya majeruhi wapo waliopofuka kwa sababu ya vioo.

Hakuna anayejenga nyumba akitarajia bomu. Lakini kioo cha kawaida hakisubiri bomu ndipo kijeruhi. Mtoto anatoka uani mbio na kuuvaa mlango ambao hakuona kwamba umefungwa. Mzee anateleza bafuni na kuangukia kioo cha sehemu ya kuogea. Kioo hupasuka vipande virefu vyenye ncha, na vile vya juu hubaki vikining'inia kwenye fremu kabla ya kumshukia aliye chini.

Kwa sehemu kama hizo kipo kioo kilichotiwa matiko, ambacho mafundi wa aluminiamu hukiita tempa. Huanza kikiwa kioo cha kawaida. Kiwandani hukatwa kwa kipimo, kingo zikasuguliwa, matundu ya bawaba na kitasa yakatobolewa, kisha kikaingizwa kwenye tanuru hadi joto lipite nyuzi 600 za Selsiasi. Kikitoka hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso hukakamaa kwanza, ilhali ndani bado kuna moto. Ndani nako kunapopoa hutaka kusinyaa, ila uso uliokwisha kukakamaa haukubali. Basi kioo hubaki hivyo maisha yake yote: uso umebanwa, moyo umevutwa.

Kubanwa huko si kwa mchezo. Viwango vya Marekani vinataka uso ubanwe kwa megapaskali 69 au zaidi, yaani karibu mara 680 ya mgandamizo wa hewa ya usawa wa bahari. Ufa hauwezi kuanza mpaka nguvu ya nje iushinde mbano huo kwanza, na ndiyo maana kioo hiki huhimili mzigo mara nne hadi tano ya ule unaohimiliwa na kioo cha kawaida cha unene uleule. Joto nalo hukiweza kwa shida. Kioo cha kawaida huweza kupasuka pale tofauti ya joto kati ya sehemu yake moja na nyingine inapofika nyuzi 40 hivi. Cha matiko huvumilia takriban 200. Kwa dirisha ambalo nusu yake inachomwa na jua la Dar es Salaam na nusu imo kivulini, pengo hilo kati ya 40 na 200 ni kubwa.

Lakini ufa ukishafika kwenye moyo wa kioo, nguvu yote iliyofungiwa humo hufunguka kwa pamoja, na kioo kizima humwagika chini kuwa chembechembe zenye kingo butu. Kiwango cha Ulaya kinadai kwamba kwa kioo cha milimita 4 hadi 12, eneo la milimita 50 kwa 50 lionyeshe vipande visivyopungua 40. Chembe hizo huweza kuchubua ngozi, ila ni vigumu zikate mshipa. Wasomi wa Royal Society mjini London walikwisha kuiona tabia hii miaka ya 1660, walipochunguza matone ya kioo cha moto yaliyodondoshewa majini: kichwa cha tone kilistahimili nyundo, lakini mkia ulipovunjwa, tone lote liligeuka vumbi. Ilipofika 1874 Mfaransa Royer de la Bastie alipata hataza ya kukaza kioo kwa kukitumbukiza, kikiwa moto, ndani ya mafuta.

Kwa mjenzi, hapa ndipo penye gharama ya kosa. Kioo cha kawaida kikizidi kipimo, fundi hukipitishia almasi, akakigonga kidogo, kikaachia palepale kwenye mstari. Cha matiko hakikatwi tena. Akijaribu kukipunguza hata kidogo, au kukitoboa tundu alilolisahau, ataokota chembe. Vipimo vichukuliwe baada ya plasta na vigae kukamilika. Kingo nazo zilindwe wakati wa kubeba, maana ndipo penye udhaifu: kioo kinachovumilia kupigwa katikati huweza kwisha kwa pigo dogo la kona kwenye sakafu ya vigae. Na mzigo wenyewe si mwepesi. Mlango wa mita 1 kwa 2 wenye unene wa milimita 10 una kilo 50, kwa hiyo bawaba za kubahatisha hazifai.

Kuna pia kioo kuvunjika bila kuguswa na mtu. Jengo la ICI House mjini Melbourne, lililokamilika 1958, lilisumbuliwa na vioo vilivyopasuka vyenyewe, na mwaka 1961 mtafiti E. R. Ballantyne alieleza chanzo: vijipunje vya nikeli salfaidi vilivyonaswa ndani ya kioo tangu kilipoyeyushwa. Kioo kinapopozwa ghafla, kijipunje hukosa muda wa kurudia umbo lake la kwenye baridi. Hulirudia polepole, kwa miezi au miaka, na kikifanya hivyo hutanuka kwa asilimia 2 hadi 4. Kikiwa kwenye moyo uliovutwa, kinatosha kuanzisha ufa. Viwanda makini huvipasha vioo joto upya kwa saa kadhaa, ili vyenye kasoro vivunjikie kiwandani.

Toronto iliyajua haya kwa gharama. Mwaka 2011 vioo vya roshani za maghorofa mapya vilianguka mitaani mara kadhaa, na mwaka uliofuata jimbo la Ontario likabadilisha kanuni zake za ujenzi, likataka vioo vya roshani vilivyo hatarini kuangukia watu viwe vya tabaka. Kioo cha tabaka ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus alikipatia hataza mwaka 1909. Ndicho kioo cha mbele cha daladala: jiwe hukitia nyufa, lakini hakimwagiki. Vile vya ubavuni mara nyingi ni vya matiko, na vikivunjika huacha uwazi mtupu.

Kwa hiyo mlango wa kioo, sehemu ya kuogea na dirisha linaloanzia sakafuni vinafaa kuwa vya matiko. Paa la kioo, kizuizi cha ngazi na roshani ya ghorofani vinahitaji tabaka, na ikiwezekana tabaka za vioo vilivyotiwa matiko, ili kikivunjika kimoja mtu asidumbukie wala aliye chini asiangukiwe.

Mnunuzi asikubali neno la dukani peke yake. Atafute mhuri wa kudumu kwenye kona ya kila kipande, avae miwani ya jua ya polaroidi na kukitazama kioo mchana, maana cha matiko mara nyingi huonyesha madoadoa au michirizi hafifu, kisha adai aina na unene viandikwe kwenye ankara kabla ya kutoa malipo ya awali. Kwa roshani ya ghorofani, kioo kimoja kisicho na tabaka kikataliwe, hata kama mhuri wake ni halali.