Kuandika Mti wa Ukoo (2): Programu Ipi Itufae?

Wiki iliyopita tuliona namna ya kuwahoji wazee na kuyaweka majina kwenye daftari. Leo tuhamie kwenye kompyuta. Wengi huchagua programu kwa uzuri wa mchoro wake. Mimi nashauri uiulize mambo mawili: je, inaukubali ukoo wako kama ulivyo? Na je, siku ukitaka kuhama, itakuachia kazi yako yote?

Kabla ya kuingiza watu mia, jaribu familia moja yenye mambo mengi. Chukua babu aliyeoa wake watatu, akamwacha mmoja, na kila mke akazaa naye. Programu inayofaa humpa mtu ndoa kadhaa, kila ndoa na watoto wake. Kisha mwingize mtoto aliyelelewa na shangazi yake: aonekane kwa waliomzaa na kwa waliomlea pia. Halafu chora mti. Kama mchoro unaonyesha mke mmoja tu, wale watoto wengine umewafuta kwenye ukoo wao.

Majina nayo yana mtego. Programu nyingi zimetungwa Ulaya na Marekani, ambako jina la mwisho hurithiwa kizazi hadi kizazi. Kwetu, Salim Juma Mbaruku akizaa mwana, mwana huyo ataitwa Hamisi Salim Juma. Kompyuta ikipanga watu kwa jina la mwisho, baba atakaa kwenye M na mwana kwenye J, kana kwamba hawajuani. Gramps, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, hukuruhusu kueleza kwamba jina fulani ni la baba wa mtu. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, jina la ukoo liandikwe mahali pake, lisichanganywe na jina la baba.

Tarehe vilevile. Mzee atakwambia alizaliwa kabla ya vita vya Hitler, basi. Programu ikubali “kabla ya 1939” au “karibu na 1938”. Ikikulazimisha kutaja siku na mwezi, utaishia kuandika 1 Januari kwa kila mtu, na wajukuu watauamini uongo huo. Gramps hupokea hata tarehe za Hijria, jambo la manufaa kwa familia za pwani zenye barua za zamani.

Sasa suala la kuhama. Mwaka 1984 Kanisa la Wamormoni lilitoa muundo wa faili uitwao GEDCOM, ambao karibu programu zote za nasaba huusoma. Ni maandishi matupu. Mwaka wa kuzaliwa wa yule mzee huandikwa “2 DATE ABT 1938”, ABT ikimaanisha “karibu na”. Kanisa hilohilo lilikuwa na programu ya bure, Personal Ancestral File, iliyotumiwa na wengi kwa miaka mingi. Mwaka 2013 liliacha kuitoa. Aliyekuwa na faili ya GEDCOM aliweza kuhamia kwingine na watu wake. Kwa hiyo fanya jaribio mapema: toa faili ya watu kumi, ifungue katika programu nyingine, uone kilichopotea. Picha kwa kawaida hazisafiri ndani ya faili hiyo, hivyo zitunze kando.

Mwisho, mti wako utakaa wapi? Gramps hukaa kwenye kompyuta yako na haihitaji intaneti. Tovuti ya FamilySearch ni bure pia, lakini mti wake ni mmoja kwa dunia nzima, na mtu mwingine aweza kubadilisha uliyoandika juu ya marehemu wako. Tovuti ya MyHeritage bila malipo ina kikomo cha watu 250, na ukoo mkubwa hukifikia upesi.

Kwa mwenye kompyuta, ushauri wangu ni kuanza na Gramps, kisha familia ikiridhia, kuweka kwenye FamilySearch nakala ya waliotangulia. Walio hai usiwatangaze bila idhini yao: tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ni vitu ambavyo matapeli huvitafuta.

Wiki ijayo: kutunza picha na sauti za wazee.